Taulo za Miaka Sabini

Uchochoro wetu wa wachapaji pale Euljiro, mjini Seoul, haukuwa na mtenganisha rangi hodari kama Tak Chunsik, wala mwenye majivuno kama yeye. Ukimpa picha, anaigawa katika filamu nne: buluu, nyekundu, njano na nyeusi. Kila filamu ni nukta tupu, na kila moja ameilaza kwa pembe yake ili nukta zisigongane. Kisha ananiletea mimi, Maeng Okja, nichape kwa fremu ya wavu na mpira wa kusukumia wino. Lenzi yake ya kukuzia nukta haikumtoka jichoni kutwa nzima.

Mama yake alipokaribia kutimiza miaka sabini, Chunsik aliapa kwamba taulo ambazo kwa desturi yetu wageni wa sherehe hupewa hazitakuwa na jina na tarehe tu kama za watu wengine. Zitakuwa na uso wa mama, kwa rangi zote. Bi mkubwa akaja dukani kwangu, kafurahi huyo!

"Okja, nitazigawa kwa mkono wangu mwenyewe. Mume wangu alipotoroka, mawifi walinicheka, eti nimeachiwa mtoto kama mzigo. Sasa wakajifutie jasho kwa uso wangu!"

Tulicheka mpaka akashika mbavu.

Nikachapa taulo sitini. Chunsik akainama na lenzi yake, akanuna.

"Dada, shavuni kuna mawimbi."

"Mawimbi gani? Mimi namwona mama anacheka."

"Nyuzi za taulo zimegongana na nukta. Nabadilisha pembe."

"Hebu rudi nyuma hatua mbili uangalie, kichwa kigumu wewe!"

"Dada, wewe sukuma wino. Nukta niachie mimi."

Neno hilo lilinichoma. Akatengeneza filamu upya, nikachapa taulo nyingine ya majaribio, mawimbi yakahama kutoka shavuni hadi kwenye paji. Akarudia tena na tena. Siku ya sherehe ikafika, naye akaenda mikono mitupu.

Zile sitini za kwanza zilikuwa rafuni kwangu, na ukumbi wa sherehe ulikuwa umbali wa vituo viwili tu vya treni. Asubuhi ile nilizifunga kwenye kitambaa nizipeleke mwenyewe. Halafu nikakumbuka lile neno lake, nikazifungua. Nikasema moyoni, na akome.

Nilisimuliwa baadaye kwamba bi mkubwa alisimama mlangoni wageni wakiondoka, akiwashika mikono. "Taulo zinakuja," alikuwa akisema, "mwanangu anazitengeneza." Wifi mmoja akamuuliza kama mtoto naye ameanza kufuata nyayo za baba yake.

Bi mkubwa alifariki kabla mwezi haujaisha.

Baada ya ibada ya kumwombea marehemu siku ya arobaini na tisa, Chunsik alikuja dukani na suti yake nyeusi. Akachukua taulo moja katika zile sitini, akaitundika kwenye kamba, akapapasa mifuko. Lenzi aliisahau nyumbani. Akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili.

"Dada," akasema, "mbona hakuna mawimbi?"

Alitaka kujifuta machozi kwa taulo ile, akasita, akajifuta kwa mkono wa koti.

"Laiti ningekusikiliza, dada. Kosa ni langu peke yangu."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilimkunjia taulo, nikamwuliza kama amekula. Mpaka leo hajui kwamba asubuhi ya sherehe nilikuwa nimeshazifunga.