Swali Moja Kuhusu Betri

Kompyuta ninayoandikia haya ilinunuliwa kwa ajili ya mdogo wangu. Ni kubwa, nyeusi, na ukiiwasha vitufe vyake vinawaka taa nyekundu na bluu. Chaja yake ina uzito wa tofali. Iko mezani kwangu hapa Kalemie, imechomekwa ukutani, mahali pekee inapofanya kazi vizuri. Kila nikiifungua nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyeichagua.

Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Kueleza ni kazi yangu, na hata nisipolipwa ningeeleza. Mwanafunzi asiyeelewa mara ya kwanza namweleza mara ya tano, na mara ya tano natafuta mfano mpya. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kwanza. Nilimfundisha kusoma saa, na kuhesabu kwa vizibo vya chupa, na kufunga kamba za viatu. Alipokuwa mkubwa aliendelea kunisikiliza vilevile, kichwa kikiwa kimeinama kidogo upande mmoja. Nilipenda kumwona akinisikiliza hivyo. Nasema hili mapema kwa sababu lina sehemu yake katika habari yenyewe.

Mwaka ule alipata kazi ya kufundisha biolojia kule Nyunzu. Masomo yake ya chuo yalikuwa yamekwisha, isipokuwa memwari, ile kazi ndefu ambayo mwanafunzi anaiandika na kuitetea mbele ya walimu ndipo apewe diploma yake. Alikuwa ameipata mada ambayo hakuna mtu aliyemwambia aichukue. Alitaka kuandika juu ya mimea ya porini ambayo wamama wa Nyunzu waliitumia kulisha watoto wao walipokuwa wamekimbilia msituni wakati wa vita: majani gani, mizizi gani, ilipikwa vipi, ipi ilikuwa na sumu na sumu hiyo ilitolewaje. Aliniambia wale wamama wanazeeka. Aliniambia pia kwamba akishapata ile diploma atarudi chuoni kama msaidizi, na kwamba mwalimu aliyekuwa akimwongoza amemuahidi nafasi ikiwa memwari itamfikia kabla mvua hazijaanza.

Kwa hiyo alihitaji kompyuta. Mama mmoja wa mtaa wetu, anayevuka ziwa kwenda Kigoma kuleta vitenge, masufuria na simu, alituletea mbili. Ndivyo anavyofanya na watu anaowaamini: analeta vitu viwili, unakaa navyo nyumbani, unachagua, kimoja kinarudi.

"Boti inarudi Alhamisi," alisema. "Ile hamutaki, narudi nayo. Musiikwaruze."

Ya kwanza ndiyo hii. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaocheza michezo mikubwa, ile ya magari na ya vita. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nyembamba kama daftari la mahudhurio, nyepesi kiasi kwamba mdogo wangu aliibeba kwa vidole viwili. Bei zilikaribiana, kwa sababu ile kubwa ilikuwa imeshatumika na ile ndogo ilikuwa mpya. Kwa hiyo bei haikuweza kutuamulia.

Yule mama aliiwasha ile kubwa, taa zikawaka, akacheka. "Hii ya mataa-mataa iko ya kupiga vita. Sasa Mwalimu, kule unaenda kufundisha ao kupigana?"

"Itategemea wanafunzi, mama," mdogo wangu akajibu.

Siku ya Jumanne mchana umeme ulikatika, kama kawaida. Mdogo wangu alikaa kwenye mkeka barazani, ile ndogo magotini, akaandika ukurasa wa kwanza wa memwari yake. Aliandika mpaka jua likageuka. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa mbele ya ile kubwa iliyokuwa imezimika, nikisubiri. Nilimwita kupitia dirishani, "Ngoja umeme urudi, utaona mashini yenyewe!"

Naomba msomaji aitazame picha hiyo vizuri, kwa sababu mimi sikuitazama. Jibu lilikuwa limekaa barazani, linaandika.

Umeme uliporudi nilianza kueleza. Nilichukua karatasi nikachora jiko. Huyu mpishi, nikasema, ni ubongo wa kompyuta. Hii meza anayokatia vitunguu ni kumbukumbu yake. Meza ikiwa ndogo, anashindwa kuweka sahani nyingi kwa pamoja. Na katika ile kubwa yumo mpishi wa pili, ambaye kazi yake ni picha tu. Wewe utakuwa na picha nyingi za majani. Unamhitaji mpishi wa pili. Nikamfungulia video ya ziwa, maji yakaonekana kama unaweza kunawa. Feni zake zikaanza kuvuma. Majirani wawili walikuja kuchungulia.

Mfano wa jiko ni mzuri, bado nautumia darasani. Ila leo najua kwamba picha ya jani haihitaji mpishi wa pili. Nilijua hata siku ile, ukweli ni huo. Mimi ndiye niliyempenda yule mpishi wa pili. Kwa miaka nilikuwa nafundisha kwa mashini za shule zinazochukua dakika kumi kuamka, na hapa mbele yangu palikuwa na kitu ambacho sikuwahi hata kukigusa.

Mdogo wangu alisikiliza, kichwa upande. Kisha akauliza swali moja tu, akiniita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa huku kwetu.

"Na betri, yaya?"

Mimi ninayeeleza jambo mara tano nilimjibu kwa neno moja.

"Utachomeka."

Aliitazama ile ndogo kwa muda, akaifunga taratibu. "Basi sawa. Wewe njo mwenye kujua."

Alhamisi ile ndogo ilirudi Kigoma.

Aliondoka kwenda Nyunzu kwa pikipiki. Kompyuta iliujaza mkoba wake mpaka vitabu viwili vikabaki nyumbani, na chaja haikuingia kabisa. Aliifunga ndani ya kitenge akaiweka mapajani, njia yote, katika vumbi lile. Kule alipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Juu ya bati la nyumba palikuwa na sahani moja ya jua, chini betri, na kando yake kile kisanduku kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ambacho watu wanakiita konvertisa. Kilitosha taa tatu, redio na simu za nyumba.

Siku ya kwanza alipochomeka, kisanduku kilipiga kelele, kikawaka nyekundu, na nyumba nzima ikazimika, redio na yote. Yule mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu! Munyama wako anakula nyumba yote!"

Mdogo wangu alinipigia simu akicheka anisimulie. Nami nilicheka. Kisha nilimweleza, kwa upole kabisa, apunguze mwanga wa skrini, azime taa za vitufe, afunge programu asizozitumia, achomeke mchana jua likiwa kali. Yote hayo yalikuwa sahihi na hayakusaidia kitu. Chaja ile inaomba umeme ambao kisanduku kile hakina. Ni sawa na kumpa mtoto wa darasa la kwanza abebe ndoo ya mama yake: hata umweleze vipi namna ya kusimama, ataiangusha. Ile ya kijivu ingekula kidogo tu, kwa waya uleule wa simu.

Baada ya hapo nilimuuliza kila wiki, "Memwari inaenda?"

"Inaenda, yaya."

Niliridhika. Sikuuliza inaendaje.

Mambo mengine niliyajua baadaye. Betri yake haikufikisha saa moja. Alijaribu kuipeleka sokoni, kwa fundi mwenye jenereta anayechaji simu za watu, na fundi akakubali mara mbili, halafu akakataa, kwa sababu kila ilipochomekwa wenye simu walianza kugombana. Basi mashini ililala chini ya kitanda, ndani ya kitenge kilekile. Yeye alinunua madaftari. Jumamosi na Jumapili alitembea kwa wale wamama, akaandika kwa kalamu, akabandika majani makavu pembeni ya kurasa. Alitegemea likizo aje Kalemie kuchapa yote. Lakini likizo ni fupi, madaftari yalikuwa manne, na mvua zilikuwa zimeshaanza alipofika. Mwalimu aliyemwongoza alikuwa amehamishwa. Aliyechukua mahali pake aliyatazama madaftari bila kuyafungua, akamshauri atafute mada nyingine, iliyo rahisi. Ile nafasi ya usaidizi ikapewa mtu mwingine.

Alikuja kwangu siku ile jioni, akaiweka kompyuta mezani hapa, chaja juu yake.

"Kaa nayo, yaya. Huku itakula vizuri."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Miezi yote ile, neno moja lingetosha. Ningemtafuta yule mama wa Kigoma, ningebadilisha, ningefanya kitu.

Alikuwa anajifunga viatu, hakuinua uso. "Ulinieleza muzuri sana. Nikafikiri ni mimi sijui kuitumia."

Tangu hapo nimefundisha madarasa mengi, na watu bado wananijia wakiuliza wanunue kompyuta gani. Siku hizi sichori jiko mpaka nimeuliza. Utakaa wapi? Umeme unatoka wapi, na unakaa saa ngapi? Utaibeba kwa mguu, kwa pikipiki, kwa boti? Utaandika tu, au kuna kazi nyingine? Mtu akishajibu hayo mara nyingi ameshachagua mwenyewe, na mimi sina la kuongeza. Nakuambia nawe unayesoma, hasa kama watu wanakuamini: usiogope kutojua jina la kila kipande ndani ya mashini. Ogopa kumjibu mwenzako kwa neno moja mahali alipouliza swali lake la pekee. Nimewasaidia wengi kwa namna hiyo. Yeye aliyenifundisha somo hilo hakusaidika nalo.

Yule mama wa Kigoma nilimuuliza pia kuhusu ile ya kijivu. Alinitazama kana kwamba nimeuliza habari za samaki wa juzi. "Ile? Ilichukuliwa siku ileile ilifika kule."

Likizo hii mdogo wangu yuko hapa. Bado anafundisha Nyunzu, na wanafunzi wake wanampenda, jambo ambalo halinishangazi. Wiki iliyopita nilimwomba madaftari. Nilimwambia nataka kuyachapa, yote manne, hata kama hakuna mwalimu anayeyasubiri. Siku ya tatu aliyaleta, akavuta kiti kando yangu.

Kwa hiyo mchana tunafanya kazi. Anasoma, mimi naandika. Leo tulikuwa katika daftari la pili, kwenye viazi vya porini vinavyolowekwa siku tatu katika maji yanayotembea ili uchungu utoke. Nikaacha kuandika. Nilitaka kumwonyesha namna ya kupanga zile picha katika jedwali, ingependeza zaidi, nikaanza, "Unaona, hapa unaweza..."

"Usinieleze, yaya. Andika tu."

Nikaandika. Tukafika kwenye mama mmoja aliyelisha watoto watano lengalenga, ule mchicha wa porini, na uyoga mwezi mzima, akiimba jina la kila uyoga ili wasichume ule mbaya. Hapo umeme ukakatika. Feni ya dari ikapunguza mwendo, ikasimama. Taa za vitufe tu ndizo zilizobaki, nyekundu na bluu.

Mdogo wangu aliweka kidole kwenye mstari aliofikia.

"Na betri?"

Niliangalia kona ya skrini. Niliangalia mara mbili, nisikosee.

"Dakika thelathini na tano. Pengine pungufu, maana imezeeka. Nikizima taa hizi, arobaini."

"Zizime basi," alisema, na akaendelea kusoma, haraka zaidi.