Pindo la Mbele

Pindo la mbele la gauni la mama yangu lilianza kuburuta chini, na karibu kila Jumamosi nilikaa na sindano nikilipandisha. Nyuma gauni lilimkaa vizuri. Mbele lilizoa udongo mwekundu wa Karatu, likatoboka, likanichosha. Nilimlaumu fundi, nikalaumu na kitambaa. Nyumbani hakuna aliyesema kwamba ni mama mwenyewe anayepungua. Mgongo ulikuwa ukipinda, sisi tukasema uzee huo, tukaendelea na shughuli zetu.

Halafu akavunjika mkono. Alikuwa anawatupia kuku mahindi asubuhi ya mvua, akateleza, akajikinga kwa kiganja. Mtoto angeanguka vile angecheka akainuka. Jirani alipokuja kutoa pole alisema ni jicho la mtu, na mama akaitikia kwa kichwa, kana kwamba jambo limekwisha kuelezwa. Nilimpeleka hospitali ya misheni nikiwa nimekasirika tayari.

Daktari alimsikiliza mama akieleza habari ya jicho, kisha akainua picha ya mkono kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, umewahi kuona punje ya mahindi iliyoingiwa na fukusi?" aliuliza. "Kwa nje nzima. Ukiibonyeza, unga. Mifupa yako imekuwa hivyo. Huwapata wanawake wengi wakishakoma hedhi, wala si jicho la mtu."

Akasema mifupa ya usichana hairudi, lakini iliyobaki inaweza kutunzwa. Maziwa kila siku. Dagaa. Akae juani, atembee, asilale tu. Asibebe tena mzigo wa kuni mgongoni wala ndoo ya maji. Kisha akanigeukia mimi.

"Ninachoogopa ni nyonga. Nyonga ikivunjika, hapa sina la kumfanyia zaidi ya kumlaza. Ng'ombe mnao?"

"Tunao," nilijibu kwa majivuno.

Tulikuwa nao kweli, ila hawakuwa kwetu. Sisi Wairaqw hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Unampa jirani mmoja, ndugu mwingine, ili ugonjwa ukiingia zizini usikumalize. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, maziwa ni ya anayemchunga. Marehemu baba alikuwa ametawanya ng'ombe wake katika vijiji vya Endabash na Kansay, na mama akaendeleza mtindo huo. Mmoja, aliyekuwa amezaa karibuni na akikamuliwa vizuri, alikuwa kwa mjane wa Kansay mwenye watoto wadogo. Zizini kwetu alibaki ng'ombe mzee mwenye maziwa ya kikombe tu, na kikombe hicho kilikuwa cha mgeni. Mama alikunywa chai ya rangi. Kila mtu alijua mwanamke huyu ana ng'ombe, na mwanamke huyu alikunywa chai ya rangi!

"Tumrudishe yule wa Kansay," nilimwambia.

"Aliyekwenda kulea watoto wa mtu harudishwi kwa ajili ya tamaa ya maziwa."

"Si tamaa, mama, ni dawa. Umemsikia daktari."

"Daktari hakuzaliwa huku. Wale watoto mifupa yao ndiyo inaanza. Yangu imekwisha kazi."

Nilileta dagaa kutoka Arusha. Wazee wetu hawakula samaki, na mama aliwatazama wale dagaa kama wadudu, akampa paka. Nilificha kamba ya kuni, akaazima ya jirani. Mkono ulipopona na gamba la plasta alilofungwa hospitali kutolewa, nilimkuta anapandisha mtelemko na mzigo mgongoni, uso ukitazama ardhi. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Aliniambia mwalimu kama mimi hapaswi kufoka njiani. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijisemea, halafu nikachukia kwamba nimelitamka neno kufa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Kwetu mgeni alipona peke yake. Walikuja wageni wa kanisani, wakati ule wa sukari ya foleni, na mama akakataa nimpokee birika. Alipovuka kizingiti na chai yao yenye maziwa, mguu ukakwama katika pindo lile lile la mbele. Nilikuwa uani. Nilisikia birika kwanza, kisha sauti yake ndogo, akiwaomba radhi wageni kwa chai iliyomwagika.

Ilikuwa nyonga. Daktari alimlaza, akauning'inizia mguu uzito wa kuuvuta, na mwishowe akaturudishia mama nyumbani akiwa wa kitandani.

Ndipo maziwa yakaja. Endabash yote, Kansay yote, waliokuwa na ng'ombe wetu na wasiokuwa nao, walimiminika na vibuyu. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Mtu anayetembea na mgongo uliopinda hapelekewi kitu, mpaka alale chini. Vibuyu vilijaa hadi chini ya kitanda, nyumba ikanuka mtindi, na mama, akiwa chali, akaniamuru niwachemshie wageni maziwa yao wenyewe.

"Siwachemshii!" nilisema mbele ya watu wote. "Wana yao nyumbani!"

Mjane wa Kansay alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliinuka, akamimina kikombe, akakipeleka kitandani.

"Mama, sisi tuko kwako," alisema. "Kwetu mgeni hanywi kabla mwenyeji hajaonja."

Mama alimtazama. Adabu aliyotushinda nayo miaka yote ilikuwa imemgeukia. Alinyanyua kichwa, akanywa, na mjane hakukishusha kikombe mpaka kilipokauka.

"Haya," mama aliniambia akifuta midomo, "sasa wape."

Niliwapa, huku nikilia kwa hasira. Tangu siku ile hapakukosekana mtu wa kuja kuonjeshwa baada yake, naye alikunywa maziwa kila siku, kama daktari alivyoagiza. Gauni lake nililifua nikalitundika msumarini. Jumamosi zilipita, nami sikuwa na kazi ya sindano. Pindo la mbele lilibaki safi.