Mwenyekiti Anapotoka Chumbani

"Hivi, mwenzangu, huyo mwenyekiti wa kongamano la wahandisi kazi yake nini, kunywa chai tu?" jirani alimuuliza siku moja mama anayehudumia chai kwenye vikao vya kamati. Mama alicheka. Chai yenyewe mzee hainywi. Hukikumbatia kikombe kwa viganja viwili mpaka kipoe. Kamati ikikaa kuchagua makala zitakazosomwa kongamanoni, huongoza kwa sauti ya chini, na anayezidisha maneno humgongea meza kwa kidole kimoja. Mjumbe ambaye makala ya ndugu yake imefikiwa, humwambia, "Tupishe kidogo, bwana mkubwa." Wengine hutoka wamenuna. Yeye huwafungia mlango taratibu, kama vile ndani kuna mtoto amelala.

Juzi ikafikiwa makala ya binti yake, yule ambaye makala yake ilikataliwa mwaka jana akalia wiki nzima. Mzee aliinuka kabla hajaambiwa, akaingia jikoni na kikombe chake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, suti na tai yake vile vile. Ukuta wa jikoni ni mbao nyembamba, kila neno linapita.

"Mimi hesabu zake za nguzo zinanitia wasiwasi," mjumbe mmoja alianza.

Mzee akakiinamia kikombe chake. Mama, aliyekuwa akimwombea binti kimoyomoyo, akamwonea huruma.

"Sogea hapa mlangoni, baba, utasikia vizuri."

Mzee akatikisa kichwa.

"Mama, nifungulie bomba la maji, nisiwasikie."