Mkono wa Mama Julia

Siku tulipomzika Veridiana, diwani wetu Shamte alisimama makaburini na karatasi mkononi akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa Mkunya. Alisoma kwa masista mpaka darasa la nne. Aliolewa na Basil, fundi seremala, akafiwa naye mapema. Alikuwa mkunga hodari. Mpaka hapo sawa, sina neno. Kisha akakohoa kidogo, akasoma, "Marehemu ndiye mama wa umeme wa jua katika kata yetu, na kwa hilo tutamkumbuka daima." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilitaka nikamnyang'anye ile karatasi. Mwanangu Kurwa akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mama, tuko msibani." Najua tuko msibani! Ni mimi niliyemfumba macho huyo marehemu.

Basi nitasema mimi, maana nilikaa naye ukuta kwa ukuta. Mimi huku, yeye kule, akikohoa namsikia. Tena tuligombana sana, asije mtu akadhani nasifu tu kwa kuwa amekufa. Alikuwa mbishi, na chumvi yangu alikuwa haombi, anachukua.

Mambo yalianza mwaka tisini na nane. Enzi zile kila kitu kilikuwa kimeachiwa. Korosho ananunua yeyote mwenye lori lake, mitumba imejaa mpaka njiani, na halmashauri nayo ikiona haina kitu inakimbilia kwa wafadhili. Wakaamua kupanua soko la Newala. Vibanda vyetu vya udongo vilivyokuwa nyuma ya soko vikaambiwa vipishe. Kaya thelathini. Tukaahidiwa nyumba za gharama nafuu: vyumba viwili, matofali, bati juu, unalipa kidogo kidogo miaka kumi. Tulifurahi, kwa nini nifiche? Mimi nilikuwa sijawahi kulala chini ya bati maishani mwangu.

Sasa fedha za mradi zilitosha kuongezea kila nyumba kitu kimoja. Kimoja tu. Ama kila nyumba ijengewe tangi la chini la kuvuna maji ya mvua, ama iwekewe sola. Bwana mipango wa halmashauri alituita shuleni tuchague wenyewe. Akasema siku hizi wananchi ndio wanaoamua.

Mtu wa kwingine atauliza, watu wa Newala, wenye shida ya maji tangu babu na babu, mnauliza nini tena hapo? Tangi! Lakini huyo hajui mwaka ule ulivyokuwa. Mitambo ya maji ilikuwa imetoka kutengenezwa, na bomba la sokoni lilitoa maji siku nne kwa wiki. Siku nne! Wanawake tuliozaliwa tukiteremka bondeni na ndoo kichwani, tukipanda ule mteremko shingo zikiuma, tuliona tumefika. Wengine walikuwa wamekwisha kuzitupa kata zao za kubebea ndoo. Na mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa nyingi mpaka zikabomoa vyoo. Nani aliwaza kiu?

Hata hivyo mimi nilikwenda mkutanoni nikiwa upande wa tangi. Mama yangu alinifundisha bomba la serikali usilisifu kabla ndoo yako haijajaa. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Veridiana akaniwahi kusimama.

Alisema hivi, nakumbuka neno kwa neno. "Jamani, wengi wenu hapa nimewazalisha, au nimewazalishia wake zenu. Wewe Shamte nilikupokea mimi, ulitanguliza miguu." Watu wakacheka, Shamte akainamisha kichwa. "Mnamkumbuka Rose. Rose alijifungulia mikononi mwangu, mtoto akatoka salama. Kisha damu ikaanza. Kibatari kikaisha mafuta. Nikatuma mtu akaazime mafuta, nikabaki gizani napapasa. Nasikia damu inadondoka, sioni inakotoka. Mpaka mafuta yanafika, Rose ameondoka. Miaka minne sasa, kila nikifunga macho nasikia ule mdondoko. Nipeni taa. Maji nitayabeba kichwani kama nilivyozoea. Taa siwezi kuibeba kichwani."

Akakaa. Rose alikuwa binti wa dada yangu. Bwana mipango akasema, "Wanaotaka taa wanyooshe mkono." Veridiana alinyoosha wa kwanza, mkono umekwenda juu kabisa, bangili zimeshuka mpaka kwenye kiwiko. Na mimi, niliyekuja kupigania tangi, nikanyoosha. Na Julia, binti yake, mtoto wake pekee aliyebaki hai kati ya watano, akanyoosha. Mikono ishirini na sita. Tangi likapata minne.

Ndipo masharti yakaja. Mhandisi wa wafadhili, aliyekaa Masasi na kuja kwetu kwa mwezi mara moja, akasema paneli zisiguswe miaka mitano. Kwa hiyo mtu asipande juu ya bati, asipigilie mfereji wa maji kwenye bati, wala asichimbe shimo kiwanjani, kwa sababu viwanja ni vidogo na mchanga wetu ni mlegevu, msingi utatitia. Halmashauri ikayafanya sheria ndogo ya mtaa. Tulisomewa, tukapiga makofi. Hata tungesomewa tusipumue tungepiga makofi.

Lakini nisiwe mchoyo wa kusema kweli: taa ile ilikuwa nzuri. Tulihamia mwaka uliofuata, na Veridiana alikaa miezi ya kwanza kama bibi harusi. Walimwita Mama Taa, naye anaitika kwa mbwembwe, "Beee!" Wajawazito walikuja kwake kutoka mbali, wamepakiwa kwenye baiskeli, kwa sababu walisikia kuna mkunga mwenye taa isiyokula mafuta. Hakufiwa na mwanamke hata mmoja mwaka ule, wala mwaka wa pili. Alikuwa akizima taa ananigongea ukuta, "Mama Kurwa, mwingine huyo! Wa kike!" Nami namjibu, "Na mimi nimelala, kwani nimekuuliza?" Tunacheka.

Halafu pampu ya maji ikafa. Mwanzoni walisema wiki mbili. Baadaye wakasema kipuri kinatoka nje. Bomba la sokoni likaota kutu, na sisi tukarudi bondeni. Mvua iliponyesha tulipanga ndoo na masufuria chini ya ukingo wa bati, yakajaa, basi, yaliyobaki tunayatazama yanavyozama mchangani. Mabati ya nyumba thelathini yanamwaga maji, na hakuna ruhusa ya kuchimba pa kuyaweka. Ulishaona mambo hayo?

Na uzazi unakula maji, jamani. Wanawake waliokuwa wakifuata taa ya Veridiana walimmalizia maji. Kila aliyekuja, Julia alishuka bondeni na ndoo.

Veridiana aliandika barua kuomba kibali cha kuchimba tangi. Aliandika mbili. Ya tatu tulipeleka pamoja kwa mguu mpaka ofisini. Bwana mipango alitukaribisha vizuri, akatuamkia, "Shikamooni mama zangu," tukaitikia. Akaisoma ile barua. Akasema, "Mama Julia, sheria hii mliipitisha wenyewe. Tena wewe ndiye uliyesema, nakukumbuka sana. Kuibadilisha lazima ipite kwenye kamati, na kamati inakaa kila baada ya miezi mitatu. Subirini." Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana nilimchukia zaidi. Veridiana alitangulia mbele yangu mpaka tulipofika nyumbani. Akaniambia, "Mama Kurwa, mdomo wangu umeniponza." Nikamwambia aache ujinga, sote tulinyoosha. Nilisema kwa hasira, nikaingia kwangu nikafunga mlango. Ningemwambia kwa upole ningepungukiwa nini?

Mwaka ule ule Julia akashika mimba. Alikuwa ameolewa miaka saba bila mtoto, mpaka mume akamrudisha kwa mama yake. Alipojijua kwamba alirudishwa akiwa na mimba tayari, mume alishaoa kwingine. Julia hakujali. Alikuwa anashona vinguo huku anaimba kwa pua. Na Veridiana alikuwa kama amepewa dunia. Alichagua chumba, akasogeza kitanda mpaka chini ya taa, akamwambia, "Wewe utajifungulia hapa. Nitakuona vizuri, kila kitu nitakiona." Akamkataza bondeni tangu mimba ya miezi sita. Maji akawa anayafuata yeye mwenyewe, mama mtu mzima, magoti yanalia.

Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la kuchoma. Aliletwa Esther, mke wa mwalimu wa kule Mkunya, na uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Mimi nilikuwa chumbani namshikilia mgongo. Kazi ilikuwa ngumu. Julia akachungulia mlangoni na tumbo lake la miezi minane, akasema, "Mama, maji yamebaki nusu ndoo." Veridiana hakugeuka. Mikono yake ilikuwa kazini. Akasema tu, "Sasa nitamwoshea nini huyu?"

Hakumtuma. Naapa hakumtuma. Ni maneno ya mtu aliyechoka. Nikasikia mlio wa ndoo nje. Nikadhani Julia anakwenda kuomba kwa jirani. Jirani yupi? Jirani ni mimi, na dumu langu lilikuwa limelala kavu tangu juzi! Nilijua. Lakini Esther alipiga kelele, nikamwinamia, nikasahau.

Mtoto wa Esther alitoka saa nane mchana, wa kiume, anapumua vizuri. Dirisha lilikuwa wazi na chumba kimejaa jua. Ile taa ilikuwa imezimwa. Hatukuihitaji hata kidogo.

Ndipo tukasikia mayowe ya wanawake kutoka upande wa mteremko. Veridiana akanitazama, akaita, "Julia?" Akaita tena. Akanitupia mtoto wa watu, akatoka mbio. Alikimbia na damu ya Esther mikononi, maana hapakuwa na maji ya kunawa.

Nilisimuliwa na waliokuwepo. Julia alikuwa amechota, anapanda. Katikati ya mteremko akaweka ndoo chini akakaa. Akawaambia wenzake watangulie, anapumzika. Waliokuwa nyuma walimkuta amejifungua kwenye majani, na damu inakwenda. Wakambeba kwa kanga wakimpandisha, na mtoto akafungwa kifuani na mmoja wao. Veridiana alikutana nao karibu na juu. Alimlaza mwanawe njiani, akafanya yote anayojua mkunga. Mchana kweupe. Kila kitu alikiona. Julia alimwangalia mama yake, akasema, "Ndoo nimeiacha." Akakata roho hapo hapo.

Mtoto aliishi. Ni msichana, ndiye Huruma mnayemwona akipita hapa na sare ya chekechea. Watu husema majuto ni mjukuu. Veridiana aliachiwa vyote viwili alee.

Hakuzalisha tena. Walikuja wajawazito, wakagonga mlango, akawaambia kwa adabu waende hospitali. Aliyemwita Mama Taa alimtazama mpaka akaona aibu. Na ile taa sikuiona ikiwaka upande wake tena, ila Huruma alipougua.

Baada ya siku arobaini kamati iliharakisha mambo. Sasa haikuwa lazima kungoja miezi mitatu! Tukaitwa shuleni, darasa lile lile. Shamte alikuwa amekwisha kuwa diwani, ndiye aliyeongoza. Akasema sheria ndogo inabadilishwa, kila nyumba iruhusiwe mfereji na tangi, na halmashauri itasaidia saruji. Akasema, "Wanaokubali wanyooshe mkono."

Mikono ikaenda juu yote. Wangu pia, na hasira juu. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja. Yeye alikuwa amempakata mtoto, mikono yote miwili imemzunguka. Shamte akahesabu, akafika kwetu, akasita. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Julia? Hutaki tangi?"

Veridiana hakuinuka. Akasema, "Nalitaka, mwanangu. Lakini mkono wangu niliunyoosha mara moja humu ndani, ukanipeleka makaburini. Siunyooshi tena."

Mimi niliushusha mkono wangu taratibu nikaukalia. Mtoto akaanza kulia, akamsogeza begani, akatoka naye nje. Tangi lake lilichimbwa la kwanza mtaani, na mvua za masika zikalijaza mpaka juu. Alichota humo kama sote, miaka mitatu, mpaka alipolala.

Shamte alikuwepo siku ile. Aliyasikia kwa masikio yake, nikamwona anafuta macho. Kisha akakaa mezani kwa mwalimu akaandika muhtasari, na mimi nimeusoma ofisini, bado upo: wananchi wote walinyoosha mikono. Eti wote.