Bosi Anataka Nimrudishie Meneja Namba za Wageni Wanawake

Nifichieni jina, Musoma hapa wanaonifahamu ni wengi. Mimi ni dada wa miaka 31, nina mtoto mmoja ninayemlea mwenyewe. Nakaa mapokezi kwenye lodge moja huku Mukendo, mwaka wa nne sasa. Yanayonikuta yananitia kichefuchefu, samahani kwa neno hilo, sina jingine.

Vyumba tunabuku kwa kompyuta. Miaka yote tulitumia neno la siri moja, mimi, meneja na wahudumu wote, limeandikwa kwenye kipande cha boksi na kubandikwa chini ya kaunta. Kumnyima mwenzako ilionekana kama kumwita mwizi. Kwa hiyo kila mtu aliona kila kitu: jina la mgeni, namba ya simu, chumba, na kama yuko peke yake.

Miezi miwili iliyopita mgeni mmoja, nesi aliyekuja semina, alinifuata kaunta asubuhi ameshika simu yake. Kuna namba ilimwandikia jina lake, chumba chake, na maneno machafu ambayo siwezi kuyarudia hapa. Akaniuliza kama ni mimi niliyetoa namba yake. Namba ile niliijua. Ni ya meneja wetu, baba wa watoto wanne, mdogo wake bosi, mtu ambaye kila siku ananishika bega na kuniita binti yangu. Nilienda kunawa bega lile kwa sabuni.

Bahati nzuri mwezi uliopita mfumo uliboreshwa. Sasa kila mtu ana akaunti yake, na msimamizi anachagua nani aone nini. Bosi wetu, mama mtu mzima anayekaa Manyamanyama kule Bunda, alinipa mimi usimamizi kwa sababu kompyuta naiweza. Meneja nikamwachia aone vyumba vilivyo wazi na vilivyojaa tu. Majina na namba nikamfungia.

Haikupita siku mbili akampigia dada yake kwamba namdharau. Bosi akaja. Nilimweleza yote, nikamwonyesha picha za zile meseji, maana nesi alinitumia. Nilitegemea atakasirika. Alisoma hadi mwisho, akanirudishia simu.

"Mwanangu, hayo nayajua," akasema. "Huyu alikuwaga hivyo hata kabla wewe hujaja. Mfungulie tu, tusiaibishane."

Anajua. Miaka yote anajua, na kila akija hapa wageni wanawake anawapokea kwa tabasamu na soda ya baridi. Kusema kweli huyu mama ananichefua kuliko hata mdogo wake. Amenipa hadi Ijumaa. Nisipofungua nikabidhi funguo za lodge niondoke, na usimamizi wote atapewa meneja mwenyewe.

Jumapili tunapokea walimu wanawake kumi na wawili kutoka Butiama. Kiongozi wao alinipigia mimi, akauliza kama kwetu ni salama, maana wengine hawajazoea kulala lodge. Nikamjibu waje bila wasiwasi. Nikifungua, nimewauza kwa mkono wangu. Nikiacha kazi, yule baba anapata kila kitu. Nikimpigia mwalimu nimwambie ukweli, wataghairi, bosi atajua ni mimi, na mwanangu anamtegemea mama yake tu.

Leo ni Jumatano. Majina yao kumi na wawili yako hapa mbele yangu, na namba zao zote. Jamani, niambieni nifanye nini.