Fremu ya Mama Neema

Nakumbuka Jumamosi moja ya Januari, nikiwa kijana katika mji huu wa baridi wa Brooklyn Park, nimesimama mbele ya fremu niliyoitengeneza mwenyewe. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa mvi zangu bado ni chache. Wasiwasi nao huzeesha.

Fremu ilikuwa ya Mama Neema, muuguzi mjane wa mji wa Maplewood. Ndani yake ilikaa sura ya marehemu mumewe, ambayo shemeji yake aliichora juu ya ubao wa mwaloni. Shemeji naye alikuwa ameshafariki. Picha ya pili isingepatikana.

Ufundi huo sikufundishwa na mtu. Niliusoma maktaba, katika vitabu vya wachoraji wa kale wa Kizungu, wa nchi ya Flandria. Fremu zao walizipaka rangi mfano wa marumaru, ukingo wa ndani wakautia dhahabu, na mti wa chini wa fremu wakauchonga uinamie mbele kama kizingiti cha dirisha. Nami nilipaka, nikafuta, nikapaka tena. Lakini jambo kubwa lilikuwa kwenye mfereji wa fremu, ule mtaro mwembamba unaoshika kingo za picha: ubao wa picha waliuingiza humo bila gundi, upate nafasi ya kutanuka na kunywea, nami nikafanya vivyo hivyo. Kwetu huku, hita zikiwaka majira yote ya baridi, mbao hunywea kwelikweli. Ukiubana ubao, unapasuka.

Mama Neema akaiinua, akaitikisa. Ko, ko.

"Eh! Mbona mume wangu anacheza? Alipokuwa hai hata harusini hakucheza!"

Nilicheka kwa aibu. Sababu niliijua, ila badala ya kuisema nikachukua chupa ya gundi. "Naikaza sasa hivi, mama."

"Ukiikaza itakuwa salama?"

Nikaanza kufungua kizibo cha chupa.

"Nakuuliza wewe."

"Itapasuka, mama. Ila naogopa utasema mimi si fundi."

Akaniondolea chupa mkononi. "Kwa hiyo bora mume wangu apasuke uso, mradi wewe usisemwe?"

Hakupaza sauti. Aliifunga picha kwa shali lake, akailaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, akaondoka nayo ikiwa vile vile, bila gundi.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Kazi yako ikiwa na nafasi inayostahili kuwapo, usiizibe kwa kuona haya; ieleze. Wala anayekuuliza mara ya pili usidhani amekuja kukuaibisha. Mimi mpaka leo nataka kila kitu kinyooke, na usingizi hunipaa kwa ajili hiyo. Lakini kusema "naogopa" nimejifunza, na hakuna aliyenicheka.

Mungu akupe mkono mtulivu, na akuwekee karibu mtu wa kukuuliza unaponyamaza.