Sista, Anza na Wako

Wiki iliyopita, kwenye zahanati moja hapa Voi, mzee aliyeteremka kutoka Mwanda alikataa kupimwa presha. Aliushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, kama mtu anayezuia mali yake isiibwe.

"Kila nikija, hii mashine yenu inasema imepanda," akamwambia muuguzi. "Nyumbani kichwa hakiniumi, kizunguzungu sina. Nashuku mmeiseti hivyo."

"Baba, presha haipigi hodi. Ndiyo maana tunapima."

"Basi anza na wako, sista."

Sisi tuliosindikiza wagonjwa tukacheka. Muuguzi naye akacheka, akajifunga mkanda wa mashine mkononi, akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikatulia. Kicheko chake kikakatika. Akaizima haraka, lakini sisi wa benchi la mbele tulikuwa tumeshasoma: imepanda.

Mzee akamtazama kidogo, kisha akakunja mkono wa shati mwenyewe. "Haya, pima. Kama haimpendelei mwenyewe, haidanganyi."

Muuguzi akatugeukia. "Na nyinyi mliosindikiza wagonjwa, njooni mpimwe."

Ghafla sote tukapata simu za kupokelea nje. Yangu hata haikuwa na chaji.